Chanzo cha uhai: ‘Nadharia tu’ si jibu la mwalimu

Miaka kadhaa iliyopita nilizuru shule moja ya upili kuwakadiria wanafunzi wetu wa ualimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Kijana niliyekwenda kumtazama alikuwa akifundisha Kiswahili katika Kidato cha Nne, na mada yake siku hiyo ilikuwa nadharia kuhusu asili ya Kiswahili. Alipoingia darasani alikuta ubao haujafutwa. Somo lililotangulia lilikuwa la Biolojia, na pale ubaoni palikuwa na anwani kuhusu asili ya uhai, na chini yake hoja mbili: uumbaji, na mageuko ya kikemikali. Kabla hajaufuta ubao huo, msichana mmoja aliinua mkono, akauliza: “Mwalimu, nadharia ni nini hasa? Tumeambiwa tuandike hoja hizi mbili tupate alama, lakini tusijisumbue nazo kwa kuwa ni nadharia tu. Je, hizi zako za Kiswahili nazo ni nadharia tu?”

Darasa lilicheka. Mwalimu wetu naye alitabasamu, akamjibu kwamba swali hilo halitatahiniwa, kisha akafuta ubao. Nami niliyekuwa nimeketi nyuma na fomu yangu ya alama sikusema neno, maana desturi ni kwamba mkadiriaji hazungumzi. Tangu siku hiyo swali la msichana yule limenikaa moyoni. Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Yeye aliuliza, na sisi watu wazima wawili tuliokuwamo tukamnyima jibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Nianze na neno lenyewe, kwa kuwa hilo ndilo shamba langu. Nadharia ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa neno nadhari, wenye maana ya kutazama na kuzingatia. Dhana nalo limetokana na mzizi tofauti kabisa, ule wa kudhani. Isitoshe, wasomi wa Kiswahili wameunda istilahi ya tatu, nadharia tete, yaani wazo ambalo bado ni changa na linangoja kupimwa. Kwa hiyo lugha yetu ina ngazi tatu pale ambapo mazungumzo ya kila siku huona moja tu. Mtu hudhani, kisha huliweka wazo lake katika umbo linaloweza kupimwa, na baada ya vipimo vingi, ushahidi hukusanywa na kufungwa pamoja katika maelezo yanayoitwa nadharia. Anayesema “nadharia tu” ameshusha ngazi ya juu akaiweka chini.

Jambo hili mwalimu wa Kiswahili analifahamu fika, hata kama hajalitambua. Palikuwa na waliodai kwamba Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu ya wingi wa maneno yenye asili hiyo. Wengine walidai kuwa ni lugha ya mseto iliyozaliwa sokoni. Madai hayo yalipimwa. Wanaisimu walichunguza ngeli za nomino, viambishi vya vitenzi na msamiati wa msingi, wakaona kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomori. Nadharia zote ziliitwa nadharia, lakini la hasha, hazikuwa na uzito sawa! Iliyosimama ilisimama kwa ushahidi, na zilizoanguka ziliangushwa na ushahidi.

Sasa tugeukie uhai. Kwanza, hatuna budi kutenganisha mambo matatu ambayo wanafunzi wengi huyachanganya: chanzo cha ulimwengu, chanzo cha uhai na chanzo cha binadamu. Hapa Kenya tumezoea kusikia habari za hili la tatu. Mwaka wa 1984, Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mabaki ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Muda huo ni mrefu mno kwetu, lakini dunia ina umri wa takribani miaka bilioni 4.5, na katika miamba ya magharibi mwa Australia kuna alama za makazi ya vijidudu zenye umri wa karibu miaka bilioni 3.5. Tukiifanya miaka bilioni nne kuwa siku moja ya saa 24, basi kijana wa Turkana aliishi nusu dakika hivi kabla ya siku kwisha. Nadharia ya mageuko iliyoasisiwa na Charles Darwin hueleza jinsi viumbe walivyobadilika na kutawanyika tangu uhai ulipokuwapo. Kiumbe wa kwanza alitokeaje, hilo ni swali jingine, na ndilo swali la makala haya.

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba uhai huzuka wenyewe kutoka katika vitu visivyo hai. Jan Baptist van Helmont, mwanakemia wa Brussels, aliacha maelezo yaliyochapishwa mwaka wa 1648, baada ya kifo chake, ya namna ya kupata panya: weka shati chafu na ngano katika chombo, ungoje siku 21. Tusimcheke upesi. Aliona panya kweli. Kosa lake ni kwamba hakuuliza walipitia wapi. Mwaka wa 1668, Francesco Redi wa Italia aliweka nyama katika vyombo, vingine wazi na vingine vimefunikwa. Funza walionekana mle tu ambamo nzi waliweza kuingia. Hata hivyo, waliobaki na imani ya zamani walisema kwamba huenda vijidudu visivyoonekana kwa macho huzuka vyenyewe.

Swali hilo lilijibiwa na Louis Pasteur huko Paris. Alichemsha mchuzi katika chupa zenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata maji. Hewa iliingia, lakini vumbi na vijidudu vilinaswa penye kipindo, na mchuzi ukakaa bila kuharibika. Shingo ilipovunjwa, mchuzi ulichacha. Mwaka wa 1862 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimtuza kwa kazi hiyo. Lakini ikumbukwe alichothibitisha na ambacho hakukithibitisha. Alionyesha kwamba vijidudu vya leo hutokana na vijidudu vingine. Hakuonyesha kwamba uhai haukuwa na mwanzo, wala hakueleza mwanzo huo ulikuwa upi.

Katika jiji hilo hilo la Paris, mwaka wa 1866, Chama cha Isimu kiliandika katika kanuni zake kwamba hakitapokea makala yoyote kuhusu asili ya lugha. Wazee wangu wa taaluma walichoshwa na ubashiri usio na ushahidi, wakaona heri kuufunga mlango. Ninawaelewa, lakini siwaungi mkono. Swali halikufa kwa kupigwa marufuku. Lilingoja tu watu wenye zana bora zaidi. Huenda wanakemia nao wangeufunga mlango wao. Ni bahati yetu kwamba hawakufanya hivyo.

Mwaka wa 1871, Darwin alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker barua, akawazia kidimbwi chenye uvuguvugu, kilicho na amonia na chumvi za fosforasi, kikipata mwanga, joto na umeme, hadi protini ikajiunda humo. Aliongeza jambo ambalo kila mwalimu anapaswa kulikumbuka anapoulizwa mbona hatuoni uhai ukianza upya leo: siku hizi kitu kama hicho kingeliwa mara moja na viumbe waliopo. Miongo mitano baadaye, Alexander Oparin wa Urusi mwaka wa 1924, na J. B. S. Haldane wa Uingereza mwaka wa 1929, kila mmoja kivyake, walitoa wazo kwamba hewa ya dunia changa haikuwa na oksijeni kama ya leo, na kwamba nishati ya jua na radi iliweza kuunda kemikali za uhai zikarundikana baharini. Hiyo ilikuwa nadharia tete. Haikuwa imepimwa.

Aliyeipima alikuwa mwanafunzi, na jambo hili ningependa wanafunzi walisome mara mbili. Stanley Miller alikuwa na umri wa miaka 23 matokeo yake yalipochapishwa mwaka wa 1953. Chini ya uelekezi wa Profesa Harold Urey katika Chuo Kikuu cha Chicago, alitia methani, amonia na haidrojeni katika vyombo vya kioo, akachemsha maji yawe mfano wa bahari, akapitisha cheche za umeme ziwe mfano wa radi. Katika muda wa juma moja maji yalibadilika rangi, na ndani yake zilipatikana asidi za amino, yaani vitu ambavyo protini za miili yetu hujengwa kwavyo. Miller hakuumba uhai, wala hakudai hivyo. Tofali si nyumba. Lakini alionyesha kwamba matofali hupatikana bila mfyatuaji mwenye uhai.

Mwalimu mwaminifu hataishia hapo. Atawaambia wanafunzi kwamba wataalamu wengi wa miamba sasa wanaamini kuwa hewa ya zamani ilijaa zaidi kabonidioksidi na naitrojeni kutoka katika volkano, na kwamba jaribio la Miller hutoa mazao haba zaidi katika hewa ya aina hiyo. Papo hapo atawaeleza kwamba matofali hayo yamepatikana pia mahali ambapo hapana mkono wa mtu. Tarehe 28 Septemba 1969 kimondo kilianguka karibu na Murchison nchini Australia, na ndani yake zimetambuliwa zaidi ya aina 70 za asidi za amino. Mwaka wa 2023 chombo cha Marekani kilirejesha duniani takribani gramu 120 za mchanga na mawe kutoka asteroidi iitwayo Bennu. Taarifa iliyotolewa Januari 2025 ilisema kwamba humo zilikutwa asidi za amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe, pamoja na besi zote tano ambazo ni herufi za DNA na RNA.

Sasa swali gumu ni hili: matofali yaligeukaje kuwa nyumba yenye kujijenga na kuzaa nyumba nyingine? Hapa pana kitendawili cha kuku na yai. Protini huundwa kwa maagizo ya DNA, na DNA hainakiliwi bila msaada wa protini. Kipi kilitangulia? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Thomas Cech na Sidney Altman waligundua kwamba RNA, binamu yake DNA, inaweza kubeba maagizo na pia kufanya kazi ya kuchochea mabadiliko ya kikemikali. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1989. Kutokana nao lilikua wazo la ulimwengu wa RNA, uliokuwapo kabla ya DNA na protini. Wapinzani husema kwamba RNA ni dhaifu, huvunjika upesi majini, na ni vigumu kuiunda bila mpishi stadi wa maabara.

Kundi jingine halianzi na maagizo, bali na nishati. Mwaka wa 1977 wanasayansi waliozamia karibu na visiwa vya Galápagos walikuta chemchemi za moto katika sakafu ya bahari, yapata mita 2,500 chini, zikizungukwa na viumbe wengi mahali pasipofikiwa na jua. Huenda, wanasema wafuasi wa wazo hili, uhai ulianzia katika vitundu vya miamba ya chemchemi za namna hiyo. Wapinzani nao wanajibu kwamba bahari huzimua kila kitu, na kwamba kemikali hizo huungana vyema zaidi kandokando ya maziwa na madimbwi, ambako maji hukauka na kurejea.

Mabishano hayo ndiyo humfanya mtu aseme, “Mnaona? Hawajui!” Ninaomba tuwe waangalifu. Sisi wanaisimu hulinganisha mtu wa Kiswahili, mũndũ wa Gĩkũyũ, omundu wa Kibukusu na umuntu wa Kizulu, tukaunda upya umbo la kale ambalo hakuna aliyeliandika wala kulirekodi. Hivyo ndivyo tunavyoijua lugha mame ya Kibantu. Wanabiolojia hufanya vivyo hivyo kwa jeni. Viumbe wote, kuanzia bakteria hadi twiga, husoma maagizo ya jeni kwa alfabeti moja, kukiwa na tofauti chache ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 ulikadiria kwamba babu yetu sote wa mwisho aliishi yapata miaka bilioni 4.2 iliyopita. Lakini kama vile lugha mame ya Kibantu ilivyokuwa lugha kamili, wala si mlio wa kwanza wa binadamu, ndivyo babu huyo alivyokuwa tayari seli yenye mambo mengi. Kumtambua babu si kukijua chimbuko. Tumeisogelea asubuhi ya kwanza, hatujaifikia. Hata hivyo, anayejua umbali uliobaki hawezi kuwekwa fungu moja na asiyejua njia.

Ningependa pia kuondoa hisia kwamba habari hizi ni za Chicago na Paris tu. Fosforasi imo katika DNA, RNA na utando wa seli, lakini katika maji ya kawaida hushikwa na kalisiamu ikawa jiwe. Iliwezaje basi kupatikana kwa wingi hapo mwanzo? Mwishoni mwa mwaka wa 2019, Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha jibu: katika maziwa yenye kaboneti nyingi, kaboneti huikamata kalisiamu, na fosfeti hubaki huru majini. Miongoni mwa maziwa ya aina hiyo yaliyotajwa ni Ziwa Magadi, lililoko katika Kaunti ya Kajiado. Hakuna aliyedai kwamba uhai ulianzia Magadi. Ziwa hilo ni changa mno kwa hayo. Linalosemwa ni kwamba maji yake yanaweza kutufundisha maji ya kale yalikuwaje. Mwanafunzi wa Kajiado anaweza kupanda matatu akaione maabara hiyo kwa macho yake. Na mwanafunzi wa kwingineko amekwisha kuyaona magadi jikoni, mama akiyatia chunguni maharagwe yaive upesi.

Najua wapo watakaoniuliza kuhusu dini. Sisi ni taifa la waumini, na sioni haya kwa hilo. Pasteur aliyeuvunja ubishi wa kale alikuwa Mkatoliki. Sayansi huuliza kwa njia gani. Haina kipimo cha kumpimia Mwenyezi Mungu, wala mwalimu wa Biolojia hakuajiriwa kumvua mtoto imani yake. Lakini vilevile hakuajiriwa kumvika uvivu wa fikira kwa jina la imani. Kuziweka hoja mbili ubaoni, moja ya itikadi na moja ya maabara, kisha kuwaambia wanafunzi wazikariri zote bila kuzielewa, ni kuzidhalilisha zote mbili. Itikadi haikuletwa ili itolewe alama, na sayansi haikukusudiwa iaminiwe kwa kukaririwa.

Hivyo basi natoa rai tatu. Kwanza, mwalimu wa Biolojia na mwalimu wa Kiswahili wakutane, hata iwe ni wakati wa chai, wakubaliane juu ya matumizi ya maneno dhana, nadharia tete na nadharia, ili mtoto asisikie maana tofauti kila kengele inapolia. Pili, mada hii ifundishwe kama kisa cha majaribio, tangu shati la van Helmont hadi mchanga wa Bennu, pamoja na makosa yake yote. Mtaala wetu wa umilisi unadai kufikiri kwa kina. Sijui mada iliyo bora kuliko hii kwa zoezi hilo. Tatu, tujifunze kusema maneno ambayo walimu, nami nikiwa mmoja wao, huyaona kuwa machungu: “Hilo bado halijulikani, lakini haya yanajulikana, na hivi ndivyo yalivyojulikana.”

Msichana yule sasa ni mtu mzima, na sijui aliko. Kama anasoma gazeti hili, namjibu hivi: Ndiyo, binti yangu, zote mbili ni nadharia, ile ya uhai na ile ya Kiswahili. Hakuna hata moja iliyo “nadharia tu”. Unisamehe kwa kunyamaza siku ile. Na kama umekuwa mwalimu, mtoto akiinua mkono nyuma ya darasa lako, usiufute ubao kabla hujamsikiliza.